Nimengoja ajira kwa maombi miaka mingi, sasa imekuja njia nyingine. Nikiichukua nitakuwa nimezaa Ishmaeli?

Mama Wawili

Habari za jioni wapendwa. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo. Na wale wa kukejeli dini naomba wapite kimyakimya, leo sina nguvu ya kubishana.

Mimi ni mwalimu kwa taaluma, Historia na Kiswahili. Nilimaliza chuo 2015. Wa kipindi kile mnajua yaliyofuata: ajira zikasimamishwa, ukaja uhakiki wa watumishi hewa, 2017 vyeti feki, na milango ilipofunguliwa wakaanza kuingia wenzetu wa sayansi na hisabati. Sisi wa sanaa tukaambiwa tumejaa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutuma maombi ya aina mbili, ya kwenye mfumo wa ajira na ya magotini. Siku hizi hawapangi tu majina kama zamani, unaitwa usaili, unakuta umati umejaa uwanjani mpaka unajiuliza wanafunzi wa kuwafundisha watatoka wapi. Nimewahi kupita mchujo wa kuandika nikaishia kwenye mahojiano.

Kwa sasa najitolea shule ya kata jirani, wazazi wakichanga napata hela ya sabuni. Jioni nina tuisheni. Mume wangu anaendesha bodaboda. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu.

Sasa kiini. Mwaka jana mtumishi mmoja alikuja kanisani kwetu kwa semina, akaniita mbele, akasema ameniona nimekaa kwenye meza ya serikali. Akaniambia nisishike kitu kingine chochote maana nitazaa Ishmaeli, yule mtoto Abramu aliyempata kwa kijakazi kwa kukosa subira, na Isaka, mtoto wa ahadi, yuko njiani. Nikaweka nadhiri palepale, mbele ya kanisa, kwamba sitashika shughuli nyingine mpaka Bwana atende.

Mwezi uliopita ndugu zangu wakakaa kikao. Marehemu baba alituachia mashine ya kusaga na kukoboa kule Ilula, imefungwa tangu alipofariki. Kaka zangu wako mbali, wakaamua niiendeshe mimi, nusu ya faida yangu, nusu imtunze mama. Mume wangu anasema hata kesho tuhamie. Wenzangu wa kundi la maombezi wanasema huo ni mtego, adui huwa anakuja na kitu kizuri karibu na muujiza. Nikimpigia mtumishi kumuuliza mbona kimya, ananiambia mkuu wa Uajemi, yaani pepo mkubwa, amezuia majibu kama alivyozuia ya Danieli, nifunge tena na nipande mbegu. Mbegu yenyewe ni hela.

Na umri haungoji. Matangazo ya serikali yanataka usizidi miaka 45.

Je, kuwasha mashine ya baba ni kukosa subira? Na nadhiri niifanyeje?

Kipanga wa Mbezi

Dada, umesema wa kukejeli wapite, mimi napita. Ila kabla sijatoka: mashine iko tayari, mama yako anahitaji kula, unauliza nini?

Binti Sayuni

Kipanga, ungekaa kimya kweli ungesaidia zaidi.

Dada yangu, mimi nitaongea upande ambao najua wengi hapa hawataupenda. Nilingoja mtoto kwenye ndoa mpaka mawifi wakaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine mbele ya macho yangu. Kila wiki kuna mtu analeta namba ya mtaalamu, huyu ana mizizi, yule anasoma nyota. Na wote walikuwa na hoja zinazoingia akilini kama hiyo ya Kipanga. Nilikataa, na leo ninaye. Ndiyo maana neno subira silichukulii kama maneno ya kwenye kalenda. Habakuki anasema njozi ijapokawia, ingojee.

Sisemi ukatae mashine. Nasema usiikubali kwa sababu tu umechoka. Uchovu ni mshauri mbaya sana, ndiye aliyemshauri Sara ampe Abramu kijakazi wake.

Mzee wa Kitonga

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Mimi ni mzee wa kanisa mstaafu, jirani yako hapo bondeni, mashine ya Ilula unayoisema nadhani hata mahindi yangu yalishapita.

Tuanze na huyo Ishmaeli maana siku hizi kila kitu kisichopendwa na mtumishi kinaitwa Ishmaeli. Kosa la pale Mwanzo 16 lilikuwa nini? Abramu alichukua ahadi ileile, ya mtoto, akaitimiza kwa tumbo la kijakazi wa watu ambaye hakuulizwa. Kosa halikuwa kufanya kazi. Hesabu mwenyewe: aliondoka Harani ana miaka 75, Isaka alizaliwa yeye akiwa na 100. Ile miaka 25 mnadhani alikaa mlangoni mwa hema akitazama nyota? Alichunga, akagawana malisho na Lutu, na Lutu alipotekwa akatoka na vijana wake 318 kumfuata mpaka Dani. Ahadi ilikuwa ya mtoto, na ng'ombe walikuwa wanakamuliwa kila asubuhi. Wewe umeahidiwa ualimu, kama kweli umeahidiwa. Mashine ingekuwa Ishmaeli kama ungenunua cheti au ungemhonga mtu wa usaili.

Na Danieli hawakumalizia. Soma sura ya 8 mstari wa mwisho. Kaona maono, kazimia, kaugua siku kadhaa, halafu akaamka akaenda kufanya shughuli za mfalme. Yule mtu wa kufunga siku 21 alikuwa mtumishi wa serikali mwenye majukumu.

Lakini andiko ninalotaka ulisome kwa utulivu ni Yeremia, sura ya 28 na 29, kwa mfululizo. Ile 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", kila mtu anaiweka kwenye simu yake na kwenye kadi za harusi. Waulize waliambiwa akina nani. Waliambiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kwenye barua hiyohiyo, mistari michache juu, wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, wauombee heri mji wa adui zao. Kwa nini? Kwa sababu ya sura ya 28. Kuna nabii mmoja, Hanania, alisimama hekaluni mbele ya makuhani akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili wote watarudi. Watu walifurahi, nani asingefurahi? Mpaka Yeremia naye akasema amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha ukweli ukaja kuwa ni miaka 70. Sasa fikiria mtu aliyemwamini Hanania. Anajenga nyumba ya nini, anapanda mizabibu ya nini, si anaondoka keshokutwa? Anakaa na mzigo umefungwa, watoto wanakua bila bustani. Yule aliyesoma barua ya Yeremia naye anangoja, tena anangoja muda mrefu zaidi, lakini anakula.

Simwiti mtumishi wako Hanania. Simjui. Nakuambia tu hilo agizo la kutoshika chochote silioni kwa wale wangojaji wakubwa wa Biblia.

Binti Sayuni

Kwa heshima zote Mzee, tuwe waangalifu na "msiwaguse masihi wangu", yaani watumishi aliowapaka mafuta.

Mzee wa Kitonga

Binti yangu, Kumbukumbu la Torati 18 imetupa ruhusa ya kumpima nabii kwa neno lake, na haijasema tulipie kipimo. Hilo la mbegu ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Abuu Salha

Mimi ni Mwislamu, naomba radhi kuingia kwenye mada yenu. Kwetu kuna hadithi mtu alimuuliza Mtume, nimfunge ngamia wangu au nimwache nimtegemee Mungu? Akaambiwa mfunge, kisha tegemea. Nawatakia jioni njema.

Mwalimu wa Zege

Mama Wawili, sisi ni wa mwaka mmoja. Jiografia na Kiswahili, 2015. Niliomba kama wewe, nikafunga, nikakesha. Sikupata na sasa nimeacha kutuma. Napiga zege na kufyatua tofali, nina vijana wawili nawalipa.

Ninachotaka kusema hakisemwi kwenye ushuhuda wa Jumapili kwa sababu hakuna anayekupa kipaza sauti useme "niliomba, sikupewa". Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke. Haukutoka. Aliambiwa neema yangu yakutosha. Kwa hiyo kuna jibu la ndiyo, kuna la bado, na kuna hapana, na sisi wahubiri wetu wamelifuta hilo la tatu wakaweka "umekosa imani" mahali pake. Nilikaa muda mrefu nikijilaumu kwa sababu hiyo. Bado nasali. Sijui kama hiyo inakusaidia.

Katekista Mstaafu

Naona wote mmeiruka nadhiri, na yeye ameuliza.

Nadhiri si jambo la kuchekea. Mhubiri 5 anasema ni heri usiweke kuliko kuweka usiondoe. Lakini hata kanisa langu, Katoliki, ambalo lina sheria ndefu kuhusu nadhiri, linataka iwe ya jambo jema na linalowezekana, na iwe imewekwa kwa hiari bila hofu wala kudanganywa. Kuwanyima watoto na mama mjane riziki, jema lake liko wapi? Yefta aliapa kwa papara kwenye Waamuzi 11 na binti yake akalipa. Maandiko yametuandikia ile tuogope, hayakuandika tuige. Yesu naye aliwakemea waliosema mali imewekwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao, ipo Marko 7. Mama yako yumo humo ndani, dada.

Kwetu nadhiri binafsi hata paroko anaweza kumwondolea muumini wake. Kwenu sijui utaratibu, ila usiivunje kimyakimya, itakutafuna. Ulisema mbele ya watu, nenda kwa mchungaji wako wa kila siku, wala si huyo wa kwenye simu, mkaombe pamoja ufunguliwe.

Mama Wawili

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote, mengine nimemsomea mume wangu.

Niseme ukweli ambao sikuuandika mwanzo. Mashine siiogopi. Nimekulia pale, nilikuwa napima debe kwa baba kabla sijajua kuandika vizuri, mpaka leo nikisikia harufu ya dona ya moto namkumbuka. Naogopa kwamba nikiwasha, ikalipa, nitaacha kuomba. Na nisipoomba kuhusu ajira sijui nitakuwa naongea na Mungu kuhusu nini, maana kwa miaka yote hii ndiyo imekuwa mazungumzo yetu. Mwalimu wa Zege, ulichoandika kimenigusa kuliko vyote. Kuna usiku nakuwa na hasira naye kabisa halafu natubu kwa sababu ya hasira.

Mwalimu wa Zege

Usitubu sana kwa hilo. Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini", na haijafutwa kwenye Biblia.

Binti Sayuni

Dada, hapo ndipo nilipotaka tufike. Hana, 1 Samweli 1, alimwaga moyo wake hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa. Akaondoka, akala, uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalia vizuri: hapo bado hajapata mimba. Mimi pia amani ilinijia muda mrefu kabla ya mtoto. Nadhani nimekuwa nikisema ungoje na Mzee anasema ufanye kazi kana kwamba ni vitu viwili. Chukua mashine dada. Lakini ile saa yako ya maombi usiiuze.

Kipanga wa Mbezi

Haya sasa, mimi niliyesema mapema nikaambiwa nikae kimya 😂

Fundi Mota

Mmemaliza ya rohoni? Dada, mashine iliyolala usiende kuwasha tu. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha kwa mkono usikie beringi, grisi itakuwa imeganda. Panya wanapenda waya za ndani ya boksi la kuwashia. Mota ipimwe koili kama imekunywa unyevu. Umeme wa njia tatu njia moja ikikosekana mota inaungua huku unaitazama, hakikisha kuna kifaa cha kuikinga. Fungua kinu uangalie nyundo, zikiwa zimeisha upande mmoja zinageuzwa, usikubali kuuziwa mpya haraka. Chekeche likitoboka unga unatoka na chenga na wateja hawarudi. Na kabla ya yote uliza kama kuna deni la umeme. Mavuno huko kwenu yanashika kasi kuanzia Juni, kwa hiyo muda upo lakini si wa kuchezea.

Mama Wawili

Asante fundi. Tunakwenda Jumamosi mimi na mume wangu na binamu anayejua umeme. Jumapili nitamwona mchungaji kuhusu nadhiri, nimeshamtumia ujumbe. Mbegu sitatuma. Tangazo la ajira likitoka nitatuma maombi kama kawaida, mashine haijanizuia kubonyeza.

Fundi, swali moja. Mikanda ilikuwa mitatu, mmoja umepasuka, miwili inaonekana mizima. Ninunue mmoja tu?

Fundi Mota

Nunua yote mitatu, namba ileile na kampuni moja. Ukichanganya mpya na ya zamani, mpya inabeba mzigo peke yake, inakatika mapema. Ile miwili ya zamani itunze, siku ya dharura itakusaidia.