Wenye maduka wanarudi kwenye daftari: turekebishe nini?

Swali: Ndugu zangu, sisi ni vijana watatu hapa Mwanza, na kwa miezi minane tumejenga programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka kutunza hesabu za bidhaa na madeni. Wanaipokea kwa furaha, lakini baada ya wiki mbili wengi hurudi kwenye daftari. Akiba yetu inakwisha. Je, tuongeze huduma au tutafute mwekezaji?

Jibu la kwanza: Msiongeze chochote kwa sasa. Kaeni dukani siku nzima, hasa jioni wateja wanapojazana, muone ni wakati gani muuzaji huiacha simu na kushika kalamu. M-Pesa yenyewe, kabla ya kuzinduliwa Kenya mwaka 2007, ilijaribiwa kama njia ya kurejesha mikopo midogo, na ni katika majaribio hayo ilipoonekana kwamba watu waliitumia kutumiana fedha.

Jibu la pili: Naafiki, ila andikianeni pia mkataba wa hisa mapema. Sisi tuliahirisha kwa kuwa tulikuwa marafiki, na mwenzetu alipoondoka tulipoteza karibu mwaka mzima tukisuluhishana.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Mkataba hatukuwa tumeufikiria kabisa. Tutakaa kuujadili wiki hii, na kesho alfajiri nitakuwa dukani.