Mjadala: Je, mbegu iliyotunzwa na mkulima ihesabiwe kuwa mbegu?

Swali linalojadiliwa hapa Bukavu ni hili: mradi unapogawa mbegu za mpunga vijijini, je, ugawe zile tu zilizothibitishwa na SENASEM, yaani huduma ya taifa ya mbegu ya Kongo, au ununue na kugawa pia mbegu ambazo wakulima wametunza wenyewe? Waliotangulia kuchangia wamesema kwamba mbegu ya kienyeji huzaa kidogo, imechanganyika, na kwamba anayeitegemea hatatoka katika umaskini. Sikubaliani nao, ingawa sehemu moja ya hoja yao ina uzito.

Mpunga hujichavusha wenyewe, na kwa sababu hiyo punje zilizochaguliwa vizuri hutoa mpunga unaofanana na uliozizaa, msimu baada ya msimu, tofauti na mahindi ya chotara ambayo yakipandwa mara ya pili hupungua nguvu. Mpunga wa nchi kavu ulifika mashariki mwa Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ukaenea Kasongo na Maniema, na hadi leo hupandwa katika mashamba yaliyofyekwa msituni, bila mfereji wala maji ya kutuama. Waliouhifadhi muda wote huo ni wakulima, na zaidi wanawake.

Mkulima mzoefu hangoji mpaka mavuno yafike ghalani ndipo atafute mbegu. Huingia shambani mapema, akatazama mashina yaliyosimama imara, akakata masuke yaliyojaa moja moja kwa kisu, akayatenga na mpunga wa kula, akayaanika, kisha akayaning'iniza juu ya meko ili moshi ufukuze fukusi. Uangalifu huo uko hata mbali na hapa: kwa Waiban, kabila la Sarawak kisiwani Borneo, kila familia ina mpunga wake mtakatifu, uitwao padi pun, unaopandwa kila mwaka na kurithishwa. Watu wanaotunza mbegu kwa uangalifu wa namna hiyo, kwa haki gani tuwaambie kwamba walichonacho ni nafaka tu?

Wenzetu wanazisifu aina mpya za mpunga ziitwazo NERICA, na zinastahili sifa. Lakini aina hizo zilipatikana katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya mpunga wa Asia na mpunga wa Kiafrika, ambao wakulima wa Afrika Magharibi walikuwa wameutunza kwa karne nyingi. Mbegu ya mkulima ikiachwa ipotee, mtafiti wa kesho atachanganya nini?

Uzito wa hoja yao uko hapa: mbegu ya nyumbani inaweza kubeba magonjwa na magugu, na familia inayokimbia vita huila au huiacha nyuma, ikarudi shambani mikono mitupu. Hapo msaada wa mbegu ni wa lazima. Hata hivyo, aina iliyozoea mashamba ya maji ya Bonde la Ruzizi haiwezi kupelekwa tu kwenye miteremko ya Shabunda kwa kuwa gunia lake lina lebo.

Njia ya kati ipo. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilitoa mwongozo wa mbegu za kuazimiwa ubora mwaka 1993, ikaurekebisha mwaka 2006, na Tanzania inautumia utaratibu huo: wakulima huzalisha mbegu kijijini, na wakaguzi hupima sehemu yake tu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo nao unatambua, katika kifungu cha 9, haki za wakulima. Kupima uotaji hakuhitaji maabara kubwa: punje mia moja, kitambaa chenye unyevu, na siku chache za kungoja.

Basi nawaomba wanaopinga wajibu jambo moja: ikiwa mbegu ya mama wa kijiji cha jirani imeota vizuri, haina ugonjwa, na imezoea udongo uleule, ni sababu gani ya kuagiza nyingine kutoka mbali kabla ya kununua yake?