Programu inaanguka, na kumbukumbu yake imebeba siri za wakulima: niichunguze vipi?

mtunzaseva_moshi
Wakuu, habari za jioni. Natunza seva ya chama cha wakulima wa kahawa hapa Moshi. Programu ya malipo, iliyoandikwa kwa C, imeanguka mara tatu wiki hii, na kwenye logi naona neno moja tu: segfault, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Nataka kerneli, kiini cha Linux, initunzie nakala ya kumbukumbu pale programu inapoanguka, niifungue kwa gdb, chombo cha kutafuta makosa. Juzi nilijaribu kwenye kompyuta ya pembeni, nikaipitisha nakala kwenye amri ya strings, inayotoa maandishi yanayosomeka. Mstari wa nne ikatokea namba ya simu ya mzee niliyemwandikisha kwa mkono wangu. Nililifuta faili palepale. Humo humo kuna na ufunguo wa benki. Ninyi mnafanyaje?

kijana_wa_njiro
Weka ulimit -c 0, ukubwa wa nakala uwe sifuri: hakuna nakala, hakuna hofu.

fundi_sakina
Hapo atabaki gizani, na wakulima wanasubiri hela zao.

Kaka, anza na cat /proc/sys/kernel/core_pattern, uone nakala inapelekwa wapi. Ikianza na alama ya |, kerneli haiandiki faili yenyewe. Inaita programu saidizi, kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu), na kuimwagia kumbukumbu yote. Sasisha hiyo kwanza. Mei 2025 yalitangazwa matundu mawili ya usalama kwenye wasaidizi wa aina hiyo, CVE-2025-4598 la systemd-coredump na CVE-2025-5054 la apport. Msaidizi alikuwa anapewa namba ya mchakato, kisha anakwenda /proc, kerneli inakoorodhesha michakato, kuuliza habari zake. Ni kama kumtafuta mtu Soko la Kilombero kwa namba ya kizimba: ukichelewa, unamkuta mpangaji mwingine. Mshambuliaji anauangusha mchakato wa setuid (unaopewa mamlaka ya mwenye faili, mara nyingi root), anawahi kuweka wake kwenye namba ileile, na msaidizi anamkabidhi nakala isiyo yake.

Dawa ni kerneli iseme yenyewe inachokijua wakati wa kuanguka. Ndani ya core_pattern, alama ya %d inaeleza kama mchakato uliruhusiwa kutoa nakala. Kuanzia Linux 6.16 ipo %F, inayompa msaidizi pidfd: kishikio cha mchakato wenyewe, hata namba ikigawiwa upya. Kama huwezi kusasisha leo, weka fs.suid_dumpable=0, michakato ya setuid isitoe nakala.

Ufunguo wa benki utengee kurasa zake za kumbukumbu kwa mmap, kisha zitie alama kwa madvise na MADV_DONTDUMP. Kerneli itaziruka. Ila angalia, maktaba ya TLS (inayosimba mawasiliano) inaweza kuwa na nakala yake ya ufunguo huohuo.

mtunzaseva_moshi
Asante sana dada. Nimesasisha, nimeweka suid_dumpable=0, nimeiangusha makusudi: hakuna nakala kabisa!

fundi_sakina
Programu yako inaanza kama root kisha inashuka kuwa mtumiaji wa kawaida kwa setuid()? Ikibadilisha mtumiaji, kerneli inaiwekea thamani hiyo ya 0. Ikishashuka, iite prctl(PR_SET_DUMPABLE, 1).

mtunzaseva_moshi
Ndivyo ilivyokuwa. Nakala imepatikana, na gdb imeonyesha kosa kwa amri ya bt, inayoorodhesha miito ya programu: mzani unatuma mstari mtupu, strtok ya kukata maneno inarudisha NULL (hakuna kitu), atof ya kugeuza maneno kuwa namba inaipokea hivyohivyo. Ufunguo nimeutafuta kwa strings, haumo. Namba za simu bado zimo kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya programu, kwa hiyo faili nimelifungia kwa chmod 600, mwenye faili tu alisome, na halitoki kwenye seva hii. Kesho nahamishia orodha ya wakulima kwenye kurasa zilezile za ufunguo.