Kompyuta inasema "hakuna", vitabu 24 viko rafuni: tumechoka na katalogi hizi za vyuo vya ualimu!

Wakuu, habari za jioni. Naomba nilitoe hili moyoni kabla halijanipasua. Mods, tafadhali uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za walimu, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mimi ni mkutubi msaidizi kwenye chuo kimoja cha ualimu. Mkoa sitaji, chuo sitaji, mshahara bado nauhitaji. Kazi hii nimeisomea Bagamoyo, pale SLADS, chuo cha ukutubi, kwa hiyo asije mtu hapa kuniuliza "kwani kupanga vitabu nako kunasomewa?" Swali hilo nilishaulizwa na mkubwa wangu wa kazi, mbele ya watu, linanitosha.

Kisa chenyewe. Wiki moja kabla wanachuo hawajatoka kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, binti mmoja alikuja kaunta anatafuta Kiongozi cha Mwalimu cha Hisabati Darasa la Tatu, mtaala mpya. Nilikuwa na foleni ya watu kama kumi na tano, nikamwelekeza kwenye kompyuta ya kutafutia. Akaandika "hisabati darasa la tatu". Sifuri. Akaandika "kiongozi cha mwalimu". Sifuri. Akarudi kaunta, nikajaribu mwenyewe, sifuri. Nikamwambia mdogo wangu hatuna, chukua hiki cha zamani kikusogeze. Akasema asante, akaondoka nacho.

Huko shuleni alikopangiwa, mwalimu wa darasa aliangalia andalio lake la somo dakika mbili tu akamrudishia. Haliendani na muhtasari wanaoutumia. Binti wa watu akakesha anaandika upya kwa kuazima daftari la mwalimu. Hayo alinisimulia mwenyewe aliporudi, tena bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki mbili baadaye natafuta kitabu cha mkufunzi mmoja kwenye rafu za 510, namba ya hisabati kwenye mfumo wetu wa kupanga vitabu, kule kwenye kalkulasi nzito nzito ambako mwanachuo wa cheti hafiki hata kwa bahati mbaya. Nikakutana navyo. Viongozi vya Mwalimu, Hisabati, Darasa la Tatu, mtaala mpya. Nakala 24. Bado vinanuka wino, hata kimoja hakijawahi kufunguliwa.

Nikaenda kwenye rekodi yake ndani ya katalogi. Aliyeiingiza alikuwa ameshika mkononi kitabu chenye jina la Kiswahili kwa herufi kubwa jaladani, yeye akalitafsiri kichwani mwake, akaandika jina la Kiingereza, tena kwa kifupisho anachokijua mwenyewe. Kichwa cha mada Kiingereza. Darasa halikutajwa. Mtaala haukutajwa. Kwamba ni kiongozi cha mwalimu na si kitabu cha mwanafunzi, kimya. Sasa kompyuta ingekionaje?

Tulifikaje hapa? Kulitokea fedha za "kuifanya maktaba iwe ya kidijitali". Akapatikana mzabuni. Mzabuni akaleta vijana watatu na kompyuta mpakato, wakalipwa kwa idadi ya rekodi. Rekodi elfu tisa, siku thelathini. Gawanyeni wenyewe: kila kijana rekodi mia moja kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili. Mimi rekodi moja nikiifanya sawasawa inanichukua robo saa, kwa hiyo mia moja ni saa 25. Siku ya wale vijana sijui ilikuwa na saa ngapi. Sisi wa maktaba tulikuwa tunawabebea vitabu na kuwaletea chai. Hakuna aliyetuuliza neno, na ripoti ilipoandikwa ilisema kazi imekamilika asilimia mia.

Na msije mkamsukumia lawama Koha, programu inayoendesha katalogi yetu. Programu ile ni ya bure, chimbuko lake New Zealand, na ina nafasi za kutosha. Kwenye fomu ya MARC, ile ya kujazia taarifa za kitabu, kuna uwanja (kisanduku) wa 521 wa kuandika kitabu kinamlenga nani. Kuna 653 unaoruhusu maneno huru, yaani ukitaka kuandika "darasa la tatu, mtaala mpya, kiongozi cha mwalimu" kwa Kiswahili chako safi hakuna atakayekukamata. Nimepitia rekodi mia mbili za vitabu vya kiada kwa macho yangu. Uwanja wa 521 mtupu zote. Zote, wakuu!

Sasa njooni niwaoneshe rafu yenyewe. Hisabati ya shule ya msingi kwa Dewey, yaani huo mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ni 372.7. Sawa. Chini ya namba unaweka herufi tatu za mwandishi. Sawa. Ila vitabu vya kiada vya siku hizi mwandishi wake ni mmoja, Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa hiyo Darasa la Kwanza mgongoni 372.7 TAA. Darasa la Pili 372.7 TAA. Mpaka la Saba, 372.7 TAA. Kitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu, 372.7 TAA. Mtaala wa zamani na mpya, namba ni hiyo hiyo. Rafu mbili nzima lebo inayofanana kama sare ya shule! Mwanachuo anapiga magoti anachomoa kimoja kimoja kama anatafuta ndala yake msikitini baada ya Ijumaa.

Tena hapo ni bahati, maana TAA yenyewe haijatulia. Taasisi ile ile kwenye katalogi yetu imeandikwa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, TIE, jina lake refu la Kiingereza, na Taasisi ya Elimu bila Tanzania. Majina matano, kwa hiyo kwa kompyuta ni waandishi watano wasiojuana. Vile vya zamani vya enzi za Taasisi ya Ukuzaji Mitaala sivihesabu, kule unahitaji mganga. Hili somo la kuchagua jina moja na kulisimamia tulifundishwa muhula wa kwanza. Muhula wa kwanza!

Nilichocheka mpaka nikakaa chini ni Kiswahili. Vitabu vya Kiswahili vya Darasa la Tano nimevikuta 372.65. Mnajua hapo ni wapi? Ni ufundishaji wa lugha za kigeni shule ya msingi. Kiswahili, Tanzania, lugha ya kigeni! Mahali pake ni 372.6, pamoja na kusoma na kuandika kwa lugha mtoto anayofundishiwa. Kijana alinakili rekodi kutoka maktaba ya ng'ambo, ambako kweli Kiswahili ni cha wageni, akabandika kama ilivyo. Huko kwao wako sahihi. Hapa kwetu ni matusi.

Halafu kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hili nakiri hata mtu makini angekuna kichwa. Ni historia, ni maadili, ni la watoto. Sisi tunalo sehemu tatu: nakala nyingine 967.8 na historia ya nchi ya watu wazima, nyingine 170 na falsafa ya maadili, nyingine 372.89 ambako kwa vitabu vya msingi ndiko kunakoeleweka. Kuchagua sehemu moja kati ya hizo si dhambi. Kuchagua sehemu mbili tatu kwa kitabu kile kile, toleo lile lile, katoni moja, ndiyo uzembe.

Nikiwa mkweli, kuna sehemu mzabuni alifuata kanuni na bado mwanachuo anapotea. Dewey alipanga mambo yake mwaka 1876 akiwa maktaba ya chuo cha Amherst, Marekani, na msingi wake ni taaluma, si msomaji. Fizikia ni 530, iwe ya Kidato cha Kwanza au ya profesa. Kwa maktaba ya mkoa hiyo haina shida. Kwa chuo cha ualimu ni balaa, kwa sababu mwanachuo wetu hatafuti "fizikia". Anatafuta atakachofundisha Jumanne kipindi cha tatu, Kidato cha Kwanza, na kiendane na muhtasari uliopo. Ndiyo maana maktaba nyingi za elimu duniani vitabu vya kiada, mihtasari na zana hutengewa sehemu yake peke yake, na juu ya namba ya Dewey kinawekwa kifupisho cha aina ya kitu na darasa lake. Si uvumbuzi wangu, wala haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Na suala la mtaala ndilo linalofanya nichemke. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa kuanzia na madarasa machache, yakiwemo la Kwanza na la Tatu. Wengine wakaendelea na ule wa zamani hadi zamu yao. Maana yake kwa miaka kadhaa shule zinaendesha mitaala miwili kwa pamoja, na maktaba ya chuo cha ualimu lazima iwe na yote miwili na iitofautishe. Huwezi kusema "tupeni vya zamani". Huwezi pia kuvichanganya. Mahali pekee pa kumwambia msomaji hiki ni cha mtaala upi ni kwenye katalogi na kwenye lebo, na ndipo pasipoandikwa kitu.

Bado zana. Tuna chati za ukutani, ramani, kadi za herufi, abakasi, globu mbili, maumbo ya mbao ya kufundishia hesabu za sehemu. Nyingi wanachuo wenyewe walizitengeneza, kazi nzuri sana. Katalogi haina hata moja. Ziko kwenye leja ya stoo, kati ya mafagio na ndoo, maana mkaguzi akija anauliza idadi na si matumizi. Funguo anazo mtunza stoo, na mtunza stoo saa tisa na nusu yuko kwenye bodaboda. Matokeo yake kila mwaka wanachuo wananunua manila mpya kwa hela zao wachore ramani ile ile ambayo ipo, imeviringishwa, inaliwa na panya mita ishirini kutoka wanapokaa.

Za breili ndiyo usiseme. Kitabu kimoja cha kawaida kikiwa breili kinakuwa juzuu kadhaa kubwa. Vijana wa mzabuni kila juzuu wakaiandikisha kama kitabu kinachojitegemea (rekodi zinalipwa, si ndiyo?), na hakuna walipoandika neno breili. Kisha zikalazwa, moja juu ya nyingine, urefu wa kiuno changu. Nukta zinasagika. Nilipita kidole kwenye juzuu ya chini kabisa, ni kama unapapasa karatasi ya kufungia maandazi.

Nilipeleka haya kwa maandishi, kurasa nne. Jibu: "Maktaba inafanya kazi vizuri, vitabu vimejaa." Na mwezi uliofuata nikaletewa msaidizi, mwalimu aliyegombana na wenzake kwenye idara yake, "apumzike maktaba". Aisee.

Basi nimeamua kuanza mwenyewe. Nimechukua rafu za 372.7 tu. Nimebandika lebo mpya: KM kwa kiongozi cha mwalimu, KW kwa kitabu cha mwanafunzi, kisha namba, kisha darasa, kisha mwaka wa toleo. Kile alichokikosa yule binti sasa mgongoni kinasoma KM 372.7 TAA 3 na mwaka wake. Mtaala mpya nimeupaka ukanda wa kijani. Nimetumia rimu moja ya karatasi za gundi na kalamu mbili, kwa hela yangu.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma michango, asanteni, hata mlionitukana.

Mkuu unayesema "siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, maktaba za nini": kweli TET wana maktaba mtandao na vitabu vingi vimo, nawapongeza. Sasa mchukulie mwanachuo asiye na bando na simu ya kuchangia na mwenzake. Ninyi mnaobishana hapa na WiFi ya ofisini hamwezi kumwelewa.

Dada uliyeuliza kama naruhusiwa kubadilisha namba bila kibali: namba ya Dewey sijaigusa pale ilipokuwa sahihi, nimeongeza tu. Pale palipokosewa nimerekebisha, na rekodi ya awali nimeihifadhi kwenye flashi. Wakitaka lugha ya kigeni yao waje waichukue.

Na wewe uliyesema kwenu ni hivi hivi, tena mzabuni anafanana na wetu, njoo PM.

Kesho naanza 372.6, kisha 372.83 ya maarifa ya jamii. Kinachonikwamisha ni maneno: niandike "zana" au "vielelezo", "mtaala uliopita" au "mtaala wa zamani"? Nikiandika hivi leo na vile kesho nitakuwa sina tofauti na wale vijana. Kama kuna mkutubi humu mwenye orodha ya vichwa vya mada vya elimu kwa Kiswahili, hata iwe ya mkono kwenye daftari, piga picha uiweke hapa.