Ukumbi mkubwa unaufanya mji kuwa kitovu cha sayansi, au tunadanganyana? Tujadili

Wakuu habari zenu. Kuna hoja inarudi kila uongozi wa mji fulani, popote duniani, unapotangaza kujenga kituo cha mikutano: eti tukishapata ukumbi wa watu elfu tano, mahoteli ya kutosha na ndege za moja kwa moja, basi wanasayansi watakuja wenyewe na mji utakuwa kitovu cha utafiti. Mimi nabisha. Ukumbi unaleta wageni, sawa, wageni wanalala, wanakula, wanapanda teksi, siku ya nne wanaondoka. Kitovu cha utafiti ni kitu kingine kabisa, na naona kama hivi viwili vinachanganywa makusudi maana ukumbi unatoka vizuri kwenye picha siku ya kukata utepe, sasa friji la kuhifadhia sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri utalikatia utepe gani.

Mfano wangu wa kwanza ni Trieste. Huo ni mji wa bandari pembezoni kabisa mwa Italia, umebanwa kati ya bahari na mpaka wa nchi iliyokuwa inaitwa Yugoslavia, mji uliotajirika enzi ukiwa bandari ya dola ya Austria, na hiyo dola ikafa 1918. Kwenye fizikia hakuna aliyekuwa anautaja. Mwaka 1964 Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, akaanzisha pale kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP. Na jamaa alikuwa anajua anachokifanya, kwa sababu mwenyewe alirudi kwao Lahore 1951 kufundisha akajikuta yuko peke yake, hana wa kubishana naye, mpaka 1954 akaondoka tena kurudi Uingereza. Yaani ilibidi achague ama nchi yake ama fizikia yake. Ndiyo maana pale Trieste akaweka utaratibu wa mtafiti kutoka nchi maskini kuja kwa wiki au miezi kadhaa, anasoma, anabishana, anarudi kwao kuendelea na kazi, baadaye anakuja tena. Salam akapata Nobel 1979, na vituo vingine vikafuata pale pale, shule ya juu ya sayansi SISSA 1978, halafu jumuiya ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea (TWAS) 1983. Sasa angalieni hapo kilichovuta watu ni nini. Maktaba, ubao, chumba cha kukaa, na mtu wa upande wa pili wa meza anayejua unachoongea.

Jambo la pili ni mlango. Hapa naongea niliyoyaona. Miaka ya nyuma niliwahi kufanya kibarua kwenye mkutano mmoja wa kisayansi, kazi yangu mapokezi, kugawa beji na mifuko. Beji zimepangwa kwa alfabeti kwenye maboksi, mtu anataja jina unachomoa unampa. Siku ya kwanza foleni, siku ya pili kidogo, siku ya tatu nikawa nimekaa tu na boksi lenye beji zilizobaki nikaanza kuzisoma. Nyingi zilikuwa za watu wa Afrika na Asia Kusini! Nikaenda kwenye ukumbi wa mabango, pale watafiti wanapobandika matokeo yao, kila bao lina namba na jina la mwenye utafiti, nikakuta mabao matupu yameachwa hivyo hivyo, pini zimechomekwa pembeni kwa mpangilio zikimsubiri mwenyewe. Nikamuuliza mwandaaji mmoja akanijibu visa, tena bila hata kuinua macho.

Na hili halikuwa la mkutano wetu tu. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa 2022 ulifanyika Montreal, Canada, na wajumbe kibao, hasa wa Afrika, walinyimwa visa au hawakujibiwa kabisa mpaka mkutano ukaisha, ugonjwa ambao wagonjwa wengi wako Afrika. Watu wa akili bandia nao yaliwakuta 2018 huko huko Montreal, baadaye mkutano wao mwingine mkubwa, ICLR wa 2020, ukapangiwa Addis Ababa, corona ikaja ukafanyika mtandaoni, mwisho wa siku ICLR ya 2023 ikaenda Kigali. Rwanda tangu 2018 raia wa nchi yoyote anapata visa akifika. Mnaona? Kigali ina ukumbi mzuri, sikatai, ila kumbi nzuri ziko nyingi duniani. Ningekuwa mshauri wa meya yeyote ningemwambia kabla hujamwaga zege nenda kaongee na watu wa uhamiaji. (Najua meya hana mamlaka na uhamiaji, ndio tatizo lenyewe hilo.)

Haya, karibuni mnipinge.

*

Nimerudi, naona mmewaka. Nijibu ninayoweza.

Kuna aliyeandika "mleta mada unasahau Durban 2000, mkutano ule ule unaoudharau ndio ulibadilisha kila kitu". Mkuu hii ni hoja nzito kuliko zote na nilikuwa naiogopa lol. Ni kweli, mkutano wa UKIMWI wa Julai 2000 ulikuwa wa kwanza kufanyika kwenye nchi inayoendelea, wakati Rais Mbeki wa Afrika Kusini anahoji kama kweli virusi ndio vinaleta UKIMWI, na wanasayansi zaidi ya 5,000 wakasaini Azimio la Durban kusema ndiyo, ni virusi. Kakijana Nkosi Johnson, miaka 11, akasimama mbele ya umati ule kuongea, na mwaka uliofuata akafariki. Wageni waliona kwa macho hospitali zisizo na dawa ambazo kwao zipo. Kwa hiyo nakubali, mkutano unaweza kuitikisa dunia, na usingekuwa vile kama ungefanyika Ulaya.

Lakini sasa tuuangalie mji wenyewe. Aliyekuwa anasimamia programu ya kisayansi ya mkutano ule ni Salim Abdool Karim, mtu wa Durban, yeye na mkewe Quarraisha walikuwa wanatafiti UKIMWI hapo miaka kumi hivi kabla wageni hawajashuka kwenye ndege. 2002 wakawemo kwenye kuanzisha kituo cha utafiti wa UKIMWI, CAPRISA, hapo hapo. Mkutano ulikuta kuni zimeshapangwa, wenyewe ukaleta kiberiti. Halafu cha kuchekesha, 2010 CAPRISA walipopata matokeo ya jeli ya tenofovir (dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI), maambukizi yamepungua kwa asilimia 39 kwa wanawake walioitumia (jaribio kubwa la baadaye halikurudia matokeo hayo, ila kwa wakati ule ilikuwa habari kubwa), waliyatangaza Vienna kwa sababu mkutano wa mwaka ule ulikuwa Vienna. Sasa niambieni, kati ya Durban na Vienna kitovu kilikuwa wapi? Na mwisho wa 2020 ile aina ya kirusi cha corona iliyokuja kuitwa Beta, walioitangaza kwa dunia ni timu iliyoongozwa kutoka maabara ya Durban, hakukuwa na mkutano wowote pale, ila mashine za kusoma vinasaba zilikuwepo na watu wa kuziendesha walikuwepo.

Mwingine anasema vitovu vinatokana na vyuo vya zamani tu, miji mipya isijisumbue. Hapana bana. Göttingen, Ujerumani, kilikuwa chuo cha karibu miaka 200 na kwenye hesabu na fizikia hakuna aliyekuwa anakigusa, 1933 Wanazi wakafukuza Wayahudi kwenye ajira za serikali, mwanahisabati Emmy Noether akaondoka, wanafizikia Max Born na James Franck wakaondoka, ndani ya miezi tu. Majengo yalibaki yote.

Kuhusu "maabara ni gharama, ukumbi unajilipa", hapa sitaki kubishana sana maana inategemea hesabu za nani. Ila aliyewahi kusubiri vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) anajua ninachosema: mzigo umefika uwanja wa ndege kwenye barafu kavu, barafu inapungua kila saa, afisa wa forodha anataka fomu moja zaidi na leo Ijumaa. Jumatatu unapokea boksi la vitu vilivyooza. Kurekebisha hapo ni amri na utaratibu, wala hakuhitaji zege, na mtafiti anayechagua mji wa kuhamia na familia yake atauliza hilo, na umeme, kabla hajauliza ukumbi una viti vingapi.

La mwisho, aliyesema siku hizi kila kitu kiko mtandaoni kwa hiyo mji haujalishi. Nikurudishe kwenye lile boksi la beji. Mmoja wa wale waliokwama aliwaandikia waandaaji kuomba japo picha za mabango ya kundi lake, barua ikanifikia mimi, basi jioni nikapita na simu nikapiga kama arobaini, zingine zimeenda upande, nikamtumia. Usiku akajibu anashukuru sana, ana swali moja tu kuhusu mchoro wa tatu kwenye bango fulani, kwa nini mstari unashuka pale katikati, naomba umuulize mwenyewe. Asubuhi nikaenda kumtafuta. Bango lilikuwa limeshabanduliwa, mwenyewe alikuwa ameshapanda ndege ya alfajiri.