Kupinga lumbesa mkutanoni bila kuwakosea wazee: niongeeje?

Viazi_Isyonje: Wakuu, poleni na baridi. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia na nataka kutoa hoja tuuze viazi kwa kilo, lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo kwa bei ile ile, ife. Wapo wazee wanaoheshimika wanaosema tukikaza, magari yatakwenda kupakia kijiji cha jirani. Niwajibuje nisionekane kijana mjuaji?

Kihesa_Juu: Kamwene mkuu. Anza na hofu yao, na uiseme vizuri kuliko wanavyoisema wenyewe: "Wazee wetu wanahofia viazi kuozea shambani, na wana haki, maana kiazi kikishachimbwa hakisubiri." Ukiona wanaitikia, endelea. Ukianza na "wazee hamjui", umekwisha, hata hesabu yako iwe sahihi vipi.

Kisha azima mizani, lumbesa ipimwe mbele ya watu. Tuseme gunia linauzwa 60,000. La kilo 100, kila kilo ni 600. Mizani ikisoma 130, kilo imeshuka hadi kama 460, na kilo 30 zimeondoka bure. Namba aisome mzee mmoja kwa sauti. Akisoma yeye, nani atasema umechakachua? Ila lipime mwenyewe kwanza. Likija kuwa na kilo 105, hoja imekufia mikononi.

Mbalizi_Njiapanda: Hesabu sawa, ila haijajibu suala la magari kuhama, na hapo ndipo hoja hii hukwama kila mara. Zungumza mapema na wenyeviti wa vijiji jirani, ufike mkutanoni ukiwa na kauli yao kwamba wote mnaanza siku moja. Bila hiyo, wazee wako sahihi na wewe ndiye umekosea.

Sheria kwamba gunia lisizidi kilo 100 itaje mwishoni, sentensi moja tu. Ukitanguliza sheria watu wanasikia kitisho: wananyamaza, halafu wanauza usiku. Na dalali usimtaje jina. Huenda ni mkwe wa mtu hapo hapo.

Viazi_Isyonje: Shukrani sana. Mzee akinikatiza je?

Kihesa_Juu: Nyamaza amalize. Mwambie "nimekusikia baba", rudia alichosema kwa kifupi, omba tena nafasi kwa mwenyekiti. Lakini yule mwenye neno zito mpitie nyumbani kwake siku mbili tatu kabla, umweleze yote na umuulize angebadilisha nini. Akikupa sharti, mfano tuanze na viazi vya msimu ujao, liingize kwenye hoja na useme limetoka kwake.