Nilimjibu "watoto ni baraka" ilhali sitaki kuzaa: nimweleze sasa au nisubiri tuonane?

Mleta mada

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima na ninaomba ushauri wenu, hasa kutoka kwa waliokwisha kupita njia hii.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34. Jumamosi iliyopita nilionana ana kwa ana, kwa mara ya kwanza, na mwanamume ambaye tumekuwa tukiandikiana kwa wiki saba. Ni mtu anayesikiliza hadi mwisho na asiyejikweza, na saa tatu zilipita bila yeyote kati yetu kutazama simu. Kisha akanieleza kwamba alikulia katika nyumba yenye watoto sita, kwamba hawezi kuiwazia nyumba yake ikiwa kimya, na kwamba angependa kupata mtoto ndani ya miaka miwili au mitatu ijayo. Akanitazama, akasubiri. Mimi nikasema, "Watoto ni baraka."

Ukweli ni kwamba sitaki kuzaa wala kulea mtoto. Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi, nikiwa na furaha na nikiwa na huzuni, na jibu halijabadilika. Naamini kabisa kwamba watoto ni baraka kwa wanaowataka, kwa hiyo sikutamka neno la uongo. Lakini niliuona uso wake ukitulia, na nilijua kwamba alichokisikia sicho nilichokimaanisha. Usiku huo aliniandikia kwamba amefurahi kumpata mtu anayeyaona maisha kama anavyoyaona yeye. Nilimtakia usiku mwema tu.

Ameomba tuonane tena Jumamosi hii. Je, nimweleze kabla, au nimweleze tukiwa pamoja? Na je, nilikuwa na wajibu wa kusema jambo zito namna hiyo siku ya kwanza?

Mchangiaji wa kwanza

Dada, usijihukumu kupita kiasi. Siku ya kwanza watu wawili wanatazamana tu, na hakuna aliyekula kiapo. Mimi ningeonana naye mara mbili au tatu zaidi ili anifahamu, kisha ningemweleza. Ukimwambia leo, atakuwa anakataa jambo moja kabla hajakujua wewe mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Namheshimu aliyetangulia, lakini sikubaliani naye. Yapo mambo ambayo mtu ana haki ya kuyahifadhi siku ya kwanza na hata ya kumi: ugonjwa aliopona, ndoa iliyovunjika, ugomvi wa kwao. Hayo ni yake, na atayatoa imani ikikua. Hili la watoto ni la namna nyingine, kwa sababu linamhusu mwenzake moja kwa moja, na mwenzake ameuliza. Tofauti nyingine nyingi zina mahali pa kukutania: anayependa utulivu na anayependa wageni wanaweza kugawana siku, na wanaotofautiana katika matumizi ya fedha wanaweza kupanga bajeti. Hapa hapana mahali pa katikati, kwa kuwa hakuna nusu ya mtoto. Ukimfanya akuzoee kwanza ndipo umwambie, utakuwa umemwongezea uchungu ambao leo bado ni mdogo.

Mchangiaji wa tatu

Naandika nikiwa upande wa huyo mwanamume. Niliwahi kujibiwa "tutaona, Mungu akijalia" katika wiki ya kwanza, nami nikalichukua jibu hilo kuwa ni ndiyo. Niliujua ukweli baada ya mwaka mmoja na nusu. Sikumchukia kwa kutotaka watoto, kwani uamuzi huo ni haki yake. Kilichoniumiza ni kurudi nyuma katika kumbukumbu, nikikumbuka kila mara nilipotaja jina ambalo ningempa mtoto naye akatabasamu. Nilijiona kama niliyekuwa nikizungumza peke yangu muda wote huo. Tafadhali mwandikie leo, ili akija Jumamosi aje akijua, na akiona asije, asiwe na haja ya kuyaficha machozi mbele yako.

Mleta mada

Kaka, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nakushukuru. Nakiri kwamba hofu yangu haikuwa juu ya kuachwa. Niliogopa kuiona furaha ile ikizimika usoni pake, nami nikiwa ndiye niliyeizima.

Mchangiaji wa nne

Hofu hiyo si yako peke yako. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Samantha Joel, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba watu hudhani watamkataa kwa urahisi mtu asiyewafaa, lakini anapokuwa mtu halisi anayesubiri jibu, wengi zaidi hukubali kuliko walivyotarajia, na sababu mojawapo ni kutotaka kumuumiza. Kwa hiyo sidhani kwamba wewe ni mwongo. Ulimhurumia, na huruma ikatangulia kauli. Hata hivyo huruma hiyo ilikuwa ya dakika ile tu, na anayehitaji kuhurumiwa sasa ni huyo anayepanga Jumamosi yake.

Mchangiaji wa tano

Nimezungumza na wengi katika hali kama hii, na mara nyingi tatizo hurudi kwa sababu ya maneno yanayochaguliwa. Usiandike "kwa sasa", usiandike "labda", wala usiandike "sijafikiria sana", kwa sababu mtu mwenye matumaini huingia kupitia tundu dogo sana. Sema kwamba umeamua, na ukiri kwamba jibu lako la siku ile lilimpotosha. Jambo jingine: akikujibu papo hapo kwamba watoto si muhimu tena kwake, usilipokee jibu hilo usiku huohuo. Huenda naye atakuwa anafanya ulichofanya wewe. Mwombe akae nalo siku kadhaa.

Mleta mada

Nimemwandikia hivi: "Uliponieleza kuhusu watoto nilikujibu kwa maneno yaliyokufanya udhani kwamba nami nawataka. Siwataki, na nimeamua hivyo kwa muda mrefu. Nilipaswa kukuambia palepale, nawe ulistahili kuambiwa. Nisamehe." Alipiga simu baada ya saa moja. Alinyamaza kwanza, kisha akaniambia kwamba ameumia, kwamba hawezi kuendelea, na kwamba anashukuru ameyasikia haya katika wiki ya kwanza tangu tuonane. Jumamosi hatutaonana. Nimelia, na simu yake imenifanya nimheshimu zaidi. Nawashukuru nyote.